Pikipiki ya okazyo yenye kilomita nyingi: mnunuzi ahesabu miezi inayokuja kabla ya bei ya leo

Mjini Butembo, Beni, Bunia, Goma au Bukavu, kijana aliyekosa kazi husikia ushauri uleule: atafute pikipiki, aingie barabarani. Familia hukusanya pesa. Mama hutoa zamu yake ya likelemba, baba huuza mbuzi au kipande cha shamba, kaka aliye machimboni hutuma kidogo. Mara nyingi pesa hizo hazifikii pikipiki mpya. Ndipo kamisyonere huleta pikipiki ya okazyo, yaani iliyokwisha kutumika: TVS ama Bajaj Boxer, rangi inang'aa, kiti kipya, na saa ya kilomita inaonyesha zaidi ya 60 000. Bei yake ni karibu nusu ya ile mpya. Inunuliwe ama iachwe?

Watu wengi hujibu kwa kutazama namba ile tu. Mmoja anaona 60 000 na kukimbia. Mwingine anaona 18 000 kwenye pikipiki ya jirani na kulipa haraka kabla mwingine hajaichukua. Wote wawili wanaweza kupoteza. Kilomita nyingi hazitoshi kuikataa pikipiki, na kilomita chache hazitoshi kuinunua. Kinachoamua ni mambo matatu: hali ya chombo chenyewe, usafi wa karatasi zake, na pesa zitakazobaki mfukoni mwa mnunuzi baada ya kulipa. Hilo la tatu ndilo husahauliwa, na ndilo linalorudisha vijana wengi nyumbani.

Saa ya kilomita inavyodanganya

Kwenye pikipiki nyingi zinazofanya kazi ya kubeba watu mashariki mwa Congo, kilomita huhesabiwa kupitia kebo inayotoka kwenye gurudumu la mbele. Kebo hiyo ikikatika, hesabu inasimama, lakini pikipiki inaendelea kutembea. Motari hana haraka ya kuitengeneza, kwa sababu haimzuii kutafuta pesa za siku. Anaweza kutembea mwaka mzima na saa iliyolala. Kuna pia saa zinazobadilishwa nzima baada ya ajali, na nyingine huletwa kutoka kwenye pikipiki iliyokufa. Saa ya zamani yenye tarakimu tano, ikifika 99 999, inaanza tena kwenye sifuri.

Ndiyo maana hesabu ya kichwa inasaidia kuliko saa. Motari anayetembea kilomita 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, anafikisha kilomita 30 000. Pikipiki iliyofanya kazi hiyo kwa miaka miwili ingekuwa karibu na 60 000. Ikiwa mwenye kuiuza anasema ilibeba watu miaka miwili na saa inaonyesha 18 000, kuna mambo mawili tu: saa haisemi kweli, ama pikipiki ililala miezi mingi kwa sababu ya ubovu. Yote mawili yanaomba maelezo kabla ya pesa kutoka.

Mwili wa pikipiki nao una kumbukumbu yake. Mpira wa kukanyagia ulioisha hadi chuma kuonekana, kanyagio la freni lililolainika kwa soli za viatu, mishiko ya usukani iliyokuwa laini kabisa: hayo si mambo ya kilomita 18 000. Na ikiwa kila kitu cha kushikwa na kukanyagwa ni kipya huku injini imejaa kutu na alama za spana, mnunuzi ajiulize kwa nini muuzaji alihangaika kuvibadilisha.

Kwa hiyo, kilomita nyingi zinazojulikana ni bora kuliko kilomita chache zisizojulikana. Pikipiki ya mwalimu au ya muuguzi iliyofika 70 000, ikiwa na mwenyewe mmoja na fundi mmoja anayejua lini ilibadilishwa mafuta na lini ilifunguliwa injini, inaweza kuwa salama kuliko ile ya 20 000 iliyopita mikononi mwa madereva sita ambao kila mmoja alitafuta pesa za tajiri wa pikipiki bila kujali kesho yake.

Injini isikilizwe ikiwa baridi

Muuzaji mjanja huwasha pikipiki kabla mteja hajafika. Injini yenye joto huwaka kwa urahisi na kuficha magonjwa. Mnunuzi aguse injini kwanza. Ikiwa ina joto, aombe kurudi kesho asubuhi. Anayekataa ombi dogo kama hilo amekwisha kujibu.

Baada ya kuwashwa, moshi usomwe. Mvuke mweupe kidogo wakati wa asubuhi ya baridi, ukipotea baada ya dakika chache, hauna neno. Moshi mweusi unaonyesha kwamba esansi inaingia nyingi kuliko hewa. Mara nyingi ni kazi ya kabureta au ya chujio la hewa, na matengenezo yake si makubwa. Moshi wa bluu usiokwisha ndio wa kuogopwa kwenye injini za aina hii, kwa sababu maana yake mafuta ya injini yanaungua: pete za pistoni zimeisha, silinda imekwaruzwa au vali hazishiki tena. Hapo mnunuzi ahesabu kufungua injini katika miezi ya kwanza, na bei ishuke kwa kiasi hicho. Isiposhuka, aiache.

Mafuta ya injini yatazamwe kwa macho na kwa vidole. Yakiwa na rangi ya maziwa, maji yaliingia ndani, jambo linalotokea kwa pikipiki zinazovuka mito na madimbwi makubwa ya majira ya mvua. Yakiwa na vumbi la chuma linalong'aa, kuna kitu ndani kinachokula kingine. Kisha pikipiki ijaribiwe kwenye mlima, mtu mmoja akiwa amebebwa nyuma. Butembo na Bukavu hazikosi milima ya kufanyia jaribio hilo. Ikiwa injini inalia sana na pikipiki haipandi, embreyaji imechoka. Ikiwa gia inaruka yenyewe, tatizo liko ndani zaidi, na pesa zake ni nyingi.

Vumbi la barabara zetu za udongo huua injini kabla ya kilomita zake. Wapo wanaotoa chujio la hewa wakidhani pikipiki itapata nguvu, kumbe wanaifungulia vumbi mlango hadi kwenye silinda. Kifuniko cha chujio kikifunguliwa na kukutwa kitupu, mnunuzi amejua namna chombo hicho kilivyolelewa.

Mifupa ya pikipiki itazamwe kwa umakini uleule. Pikipiki ya hapa hubeba magunia ya makaa, mikungu ya ndizi, mbao, na mara nyingine baba, mama na watoto wawili kwa safari moja. Mahali pa kubebea mizigo pakiwa pamechomelewa, hilo ni jambo la kawaida. Lakini ikiwa kuna alama za kuchomelea karibu na shingo ya usukani, pale fremu inaposhika uma wa mbele, pikipiki hiyo isinunuliwe hata kwa bei ya kuku. Sehemu hiyo ikiachia kwenye mteremko, hakuna dereva hodari atakayeokoa abiria wake.

Kazi hiyo yote haiwezi kufanywa vizuri na mtu mwenye hamu ya kununua. Ifanywe na fundi aliyelipwa na mnunuzi mwenyewe. Fundi aliyeletwa na kamisyonere anakula kwa kamisyonere. Kumlipa fundi wa kuaminika dola chache kwa asubuhi moja ni gharama ndogo kuliko kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Karatasi chafu zinashinda injini nzuri

Pikipiki inaweza kuwa nzima na bado ikampeleka mnunuzi gerezani. Wizi wa pikipiki ni jambo la kila siku katika miji na kwenye njia za mashariki, na wengine wameuawa kwa ajili ya chombo hicho. Pikipiki iliyoibwa mji mmoja huuzwa mji mwingine kwa bei ya kuvutia. Sheria ya Congo inaadhibu anayepokea mali ya wizi, na ni vigumu kwa mtu aliyenunua usiku, bila karatasi, kwa nusu ya bei ya soko, kueleza kwamba hakushuku lolote.

Namba ya shasi imechongwa kwenye chuma cha pikipiki, na injini ina namba yake. Namba hizo zilinganishwe, herufi kwa herufi, na zile zilizo kwenye karti roze na kwenye karatasi za duane. Mahali pa namba pakiwa pamekwaruzwa kwa msasa au pamepigwa upya, mazungumzo yaishe hapo. Ikiwa injini ilibadilishwa, muuzaji aonyeshe karatasi ya ile injini nyingine. Jina lililo kwenye karti roze liwe la muuzaji. Kama sivyo, mwenye jina aje mwenyewe au awe ametoa idhini kwa maandishi.

Kuna tahadhari moja kuhusu pikipiki zinazouzwa baada ya kutumiwa na mashirika ya misaada. Nyingi zina kilomita nyingi lakini zilitunzwa vizuri, zikiwa na daftari la matengenezo. Hata hivyo, chombo kilichoingia nchini kwa msamaha wa kodi hudaiwa duane kinapouzwa kwa mtu asiye na msamaha huo. Mnunuzi aulize mapema nani anayelipa, la sivyo bei nzuri itaongezeka mara mbili mbele ya meza ya duane. Tena, baadhi ya pikipiki hizo, kama Yamaha AG100 au Honda XL 125, si rahisi kupatiwa vipuri kama Boxer na TVS, ambazo vipuri vyake viko karibu kila soko. Chombo kizuri kinachosubiri kipuri kutoka Kampala wiki tatu hakilishi mtu.

Mauzo yaandikwe. Karatasi moja yenye majina, namba za shasi na injini, bei, tarehe, sahihi na mashahidi, ikipitishwa kwa mkubwa wa mtaa, inamkinga mnunuzi na inamkinga muuzaji pia, maana pikipiki ikigonga mtu kesho, jina la zamani ndilo litakalotafutwa kwanza.

Hesabu ambayo familia hazifanyi

Chukuliwe mfano wa kijana mwenye dola 800. Ananunua pikipiki ya okazyo kwa dola 750 na kufurahi kwamba amebakiwa na 50. Kubadilisha karatasi kwa jina lake kunachukua zote, tena hazitoshi. Mwezi wa pili mnyororo na meno yake vimeisha. Mwezi wa tatu injini inaanza kutoa moshi wa bluu. Hana akiba. Anakopa kwa jirani, anaweka kipuri cha bei ya chini, na baada ya wiki mbili pikipiki inalala tena. Miezi sita baadaye anaiuza kwa dola 300 kwa mtu mwingine kama yeye. Shamba limekwenda, na pikipiki pia.

Kijana mwingine mwenye dola 800 zilezile ananunua ya dola 600, ambayo pengine ina kilomita nyingi zaidi na rangi mbaya zaidi. Anabakiwa na 200. Sehemu inalipa karatasi, sehemu inabadilisha mataili, mnyororo na freni kabla ya siku ya kwanza ya kazi, na iliyobaki inawekwa kando kwa ajili ya injini. Huyu ana nafasi ya kumaliza mwaka. Tofauti kati yao ni zile dola 150 ambazo mmoja aliziacha mfukoni na mwingine alizitia kwenye rangi inayong'aa.

Kuna wanaosema: bora kukopa na kununua mpya. Hoja hiyo ina uzito, na inastahili kupimwa kwa hesabu. Tuseme motari anabakiwa na dola 5 kwa siku baada ya esansi na chakula, na anafanya kazi siku 25. Hizo ni dola 125 kwa mwezi. Mwenye pikipiki mpya ya mkopo anayelipa deni la dola 90 na kutumia 10 kwa matunzo anabakiwa na 25. Mwenye ya zamani asiye na deni, akitumia dola 40 kwa matengenezo na kupoteza siku 4 za kazi, anabakiwa na 65. Hapo ya zamani inashinda. Lakini matengenezo yakifika dola 80 na siku za kulala zikawa 8, anabakiwa na 5 tu. Mpaka uko wazi: ubovu na siku zilizopotea vikifika jumla ya dola 100 kwa mwezi, pikipiki ya zamani imeacha kuwa rahisi. Tena, deni la mpya siku moja linaisha na chombo bado kina nguvu, wakati ile ya zamani inazidi kuzeeka.

Namba hizo ni za mfano, na kila familia itie zake. Lakini katika jimbo hili la taabu, deni lina hatari yake pia. Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, na mara kwa mara viongozi wa miji wamezuia pikipiki kutembea usiku. Mwanzoni mwa 2025, Goma kisha Bukavu ziliingia mikononi mwa M23, na benki zikafunga milango. Vita vikikata barabara kwa wiki mbili, motari asiye na deni anafunga mkanda. Mwenye deni anaona riba inatembea wakati pikipiki imesimama. Kwa hiyo okazyo isiyo na deni bado ni njia ya heshima kwa mtu wa mapato madogo, mradi awe ameacha akiba. Kununua ya zamani kwa pesa za mkopo ndiyo hesabu mbaya kuliko zote: deni la mpya pamoja na ubovu wa zamani.

Abiria hakuulizwa

Uamuzi huu haumhusu mnunuzi peke yake. Mwanafunzi anayepanda saa moja asubuhi na mama mjamzito anayepelekwa hospitalini usiku hawakuulizwa kama freni za nyuma zinashika. Motari aliyemaliza pesa zote kwenye kununua huahirisha kwanza mataili na freni, kwa sababu pikipiki inatembea hata bila hivyo. Ndiyo maana akiba ya matengenezo ni jambo la uhai wa watu, na inapasa kutengwa kabla bei haijakubaliwa.

Mashirika ya wamotari, ambayo kila mwezi hukusanya michango ya wanamemba, yangeweza kutumia sehemu yake kumlipa fundi mmoja wa kukagua pikipiki za okazyo kabla mwanamemba hajanunua, na kuweka daftari la namba za shasi za pikipiki zilizoibwa. Polisi nao wangempokea raia anayekuja kuuliza kama namba fulani inatafutwa, bila kumgeuza mshukiwa na bila kumwomba pesa ya soda. Raia akiogopa kuuliza, mwizi ndiye anayefaidika.

Wakati hayo yakisubiriwa, familia zina uwezo wa kuweka sheria yao wenyewe mezani. Pesa zigawanywe mara nne: mafungu matatu ya kununua, fungu moja lisiguswe, liwe la karatasi, freni, mataili na injini. Ikiwa mafungu matatu hayapati pikipiki ambayo fundi ameikubali na ambayo namba zake zinalingana, basi muda wa kununua haujafika. Kijana aendeshe ya mtu mwingine miezi michache, aongeze pesa, ajifunze kusikia injini. Kamisyonere atasema mteja mwingine yuko njiani na pesa mkononi. Aachwe aje. Pikipiki za okazyo haziishi sokoni, lakini shamba lililouzwa halirudi.